Wasomaji Wanauliza: Mafundi, manesi na watu wa redio walioinua ndege za Kanada

Toleo lililopita tulichapisha picha ya ndege ya Lockheed 10A, ile ndogo ya chuma inayong'aa yenye injini mbili, ndege ambayo shirika la ndege la taifa la Kanada lilianza nayo mwaka 1937. Chini ya picha tukaandika mistari minne mitano tu, basi barua zikamiminika hadi mhariri akaniachia mimi safu nzima ya mwezi huu nizijibu. Nashukuru sana, maana hii mada naipenda kutoka moyoni, na jambo ninalotaka wasomaji walione ni hili: tukizungumza ndege za zamani huwa tunamtaja rubani peke yake, wakati kuna fundi aliyelala chini ya injini, nesi aliyeshika kibomba cha oksijeni, mtu wa redio aliyekesha na kibarua aliyekata miti ili kiwanja kipatikane. Haya tuanze.

Mimi ni fundi magari. Nasikia Kanada baridi inafika nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa miaka ile injini za ndege zilikuwa zinawakaje asubuhi? Hata gari la dizeli la siku hizi linasumbua kwenye baridi ndogo tu.

Fundi mwenzangu, umegusa penyewe kabisa. Kabla ya mashirika makubwa, usafiri wa ndege Kanada ulianzia porini, kaskazini, kwenye migodi, vituo vya biashara ya manyoya na vijiji ambavyo havina barabara wala reli. Wakati wa joto ndege inafungwa maboya inatua ziwani, wakati wa baridi yanatolewa maboya inafungwa skii, yaani mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji, inatua juu ya barafu ya ziwa hilohilo, na katikati hapo, barafu inapoanza kuganda na inapoanza kuyeyuka, wiki kadhaa hakuna kuruka, mnakaa mlipo.

Sasa kuhusu injini. Ndege ikitua jioni, fundi haendi kula. Kitu cha kwanza anafungua oili yote ya injini ikiwa bado ya moto anaimwaga kwenye ndoo, anaibeba mpaka ndani ya kibanda, usiku kucha ndoo inakaa karibu na jiko, maana akiiacha ndani ya injini asubuhi ataikuta imekuwa ngumu kama lami na injini hiyo haizunguki hata mkija watu kumi. Asubuhi, kabla hakujapambazuka, anafunika pua ya ndege kwa turubai zito linaloshuka mpaka chini kama hema, anaingia humo ndani na jiko la pampu la mafuta, analiwasha chini ya injini na kukaa nalo. Sio kuwasha na kuondoka, anakaa nalo saa nzima au zaidi, jicho halitoki, kwa sababu pale juu kuna petroli na mabaki ya oili na turubai lenyewe linashika moto kirahisi, na kweli ndege kadhaa ziliungua namna hiyo. Injini ikishapata joto, oili nayo inachemshwa tena kwenye jiko, inamiminwa haraka, turubai linavuliwa, halafu wanaomba Mungu iwake mara ya kwanza maana ikikataa zoezi linaanza upya. Na bado hapo skii zimeshaganda na theluji, kwa hiyo jioni ile walitakiwa wawe wameiweka ndege juu ya magogo au matawi, na asubuhi fundi anatikisa mkia wa ndege huku rubani anaongeza moto, ikichomoka tu fundi anakimbia kudandia mlangoni.

Kuna kisa kimoja ambacho fundi yeyote akikisikia atasimama. Mwaka 1921 kampuni ya Imperial Oil ilipeleka ndege mbili aina ya Junkers kaskazini kufuata visima vya mafuta vilivyogunduliwa upande wa Norman Wells. Kufika Fort Simpson, kutua kwenye theluji mbaya, mapangaboi yakavunjika. Spea hakuna, mji mkubwa uko mbali kabisa, na barafu ya mto ikiyeyuka ndege zenye skii zimekwisha. Fundi wao, William Hill, akashirikiana na seremala wa kituo cha Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya manyoya, Walter Johnson, wakachukua mbao za mwaloni zilizokusudiwa kutengenezea sleji, lile gari la kuburutwa juu ya theluji, wakachemsha ngozi ya moose, yule kulungu mkubwa wa huko, wakapata gundi, wakabandika mbao moja juu ya nyingine na kuchonga pangaboi kwa mkono mpaka likapata mpindo na uwiano sawa. Rubani Elmer Fullerton akaruka nalo na likamrudisha mpaka Peace River. Hebu fikiria, seremala wa sleji, pengine hajawahi kukaribia ndege, anachonga kitu kinachozunguka mamia ya mara kwa dakika na maisha ya watu yako juu yake. Pangaboi la kazi ile limehifadhiwa jumba la makumbusho ya anga mjini Ottawa.

Shikamoo mwandishi. Nilifanya kazi reli miaka mingi kabla ya kustaafu. Kuna mtu kaniambia shirika la ndege la Kanada lilianzishwa na reli. Ni kweli, au ananichezea?

Marahaba mzee wangu. Hakuchezei, ni kweli tupu. Bunge la Kanada lilipitisha sheria mwezi wa nne mwaka 1937 kuunda Trans-Canada Air Lines, watu waliita TCA, na likawekwa chini ya Canadian National Railways, reli ya serikali. Aliyelisukuma ni waziri wa uchukuzi C.D. Howe, mtu mwenye haraka isiyo ya kawaida. Reli ya pili, ya Canadian Pacific, ilipewa nafasi ya kushiriki ikajitoa. Na kwa vile Kanada haikuwa na uzoefu wa shirika kubwa la ndege, walimleta Philip G. Johnson kutoka Marekani asimamie uendeshaji, akafundisha watu jinsi ya kupanga ratiba, kutunza injini kwa masaa na kutoa taarifa za hali ya hewa.

Mimi hapa huwa namuonea huruma James A. Richardson, mfanyabiashara wa Winnipeg. Yeye ndo alianzisha Western Canada Airways mwaka 1926, akajenga mtandao wa ndege za porini kwa pesa yake, baadaye ikawa Canadian Airways, na alitegemea kabisa kwamba siku serikali ikitaka shirika la taifa itamgeukia yeye. Haikumgeukia. TCA ilinunua kwake njia ya Vancouver kwenda Seattle, na ndo ikawa safari yake ya kwanza ya abiria, tarehe 1 Septemba 1937, abiria wawili na magunia ya barua, dakika 50 angani, nauli dola 14.20 kwenda na kurudi. Richardson alifariki mwaka 1939.

Mwezi mmoja kabla ya safari hiyo, tarehe 30 Julai, Howe mwenyewe alipanda ndege Montreal alfajiri ili athibitishe kuwa unaweza kuvuka nchi kabla siku haijaisha. Walitua Vancouver baada ya zaidi ya masaa 17, wakisimama njiani kujaza mafuta, na hali ya hewa ilikuwa mbaya sehemu kubwa ya safari. Abiria wa kawaida walianza kuvuka kutoka Montreal hadi Vancouver tarehe 1 Aprili 1939, kitu kilichochukua treni kama siku nne.

Lakini mzee, kama mtu wa reli utanielewa nikisema njia ndo kila kitu. Vile viwanja vidogo vya dharura vilivyopangwa mstari mmoja kuvuka misitu ya Ontario na milima ya magharibi, vingi vilifyekwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 na vijana wasio na ajira waliowekwa kwenye kambi za serikali. Walilishwa, walipewa pa kulala, na malipo yao senti 20 kwa siku. Senti 20! Shoka, msumeno, kung'oa visiki, kusawazisha, wakati wa joto unaumwa na mbu, wakati wa baridi vidole vinakufa ganzi. Wengi wao hawakuja kupanda ndege maisha yao yote. Mtu akikuuliza nani alianzisha usafiri wa anga Kanada, waweke na hao kwenye orodha.

Nasomea unesi mwaka wa pili. Ni kweli wahudumu wa kwanza wa ndege Kanada walikuwa manesi? Walikuwa wanafanya nini huko juu, wanatibu watu?

Ni kweli binti yangu, na nafurahi umeuliza wewe. TCA iliajiri wahudumu wake wa kwanza mwaka 1938, Lucile Garner, nesi kutoka Saskatchewan, na mwenzake Pat Eccleston. Sharti la kwanza uwe nesi uliyehitimu, halafu uwe hujaolewa, uwe kijana, na urefu na uzito wako vinapimwa kwa sababu ndani ya ndege hizo hakuna nafasi, dari iko chini, njia katikati ya viti ni nyembamba, na kila kilo inahesabiwa.

Kwa nini manesi? Sababu ya kwanza ni hofu ya abiria. Watu walikuwa wanaogopa ndege, na kumuona nesi amesimama pale na sare yake kulimtuliza mtu. Ila sababu ya pili ilikuwa ya kazi kabisa. Ndege za Lockheed 14 zilizovuka Milima ya Rocky hazikuwa na mgandamizo wa hewa ndani, yaani hewa ya nje ndo hewa yako, na kupita juu ya ile milima lazima upande juu sana ambako hewa ni nyepesi. Kwa hiyo nesi anawagawia abiria vibomba vya oksijeni, anapita kiti kwa kiti anaangalia midomo na kucha, wewe unajua kwa nini, rangi ya bluu ikianza kuonekana hapo hamna mchezo. Kuna mzee anasinzia, je amelala au oksijeni haimfikii? Hilo swali lilihitaji mtu aliyefundishwa. Juu ya hapo ndege inarushwarushwa na upepo wa milimani, watu wanatapika, masikio yanauma wanapewa bigijii watafune, na yeye mwenyewe anayewahudumia naye tumbo linamzunguka lakini hawezi kukaa. Chakula kilikuwa cha baridi au kimewekwa kwenye chupa za chai, kinaliwa kwenye mapaja. Na hali ya hewa ikifunga, ndege ikalazimika kutua kiwanja fulani cha katikati ya pori usiku, anayewatafutia abiria pa kulala na kuwatuliza ni huyohuyo.

Vita ya Pili ilipopamba moto jeshi likahitaji manesi, sharti hilo likalegezwa. Lakini sharti la kutoolewa lilidumu miaka mingi baada ya hapo, na hili linaniuma nikilifikiria. Dada anafanya kazi vizuri miaka mitano sita, anajua kila njia na kila rubani, siku anavaa pete ya ndoa kazi imekwisha. Wapo waliovaa pete kwenye mnyororo shingoni chini ya sare, ndoa ya siri, wanaishi kwa wasiwasi. Mwaka 1948 wahudumu waliunda chama chao cha kutetea haki, kiliitwa CALFAA kwa kifupi, na mambo mengi ambayo wahudumu wa leo wanayaona ya kawaida, saa za kupumzika, kuolewa, kubeba mimba ukarudi kazini, yalipiganiwa mezani moja baada ya jingine.

Lucile Garner aliishi zaidi ya miaka 100, alifariki mwaka 2013.

Kabla ya setilaiti na ramani za simu rubani alijuaje yuko wapi usiku, tena juu ya msitu usio na taa?

Kwa masikio. Sikutanii, alisikiliza njia.

Chini kulikuwa na vituo vya redio vilivyopangwa kufuata njia ya ndege. Kila kituo kilikuwa kinatuma herufi mbili za Morse kwa wakati mmoja kuelekea pande tofauti: upande mmoja unasikika A, yaani kifupi halafu kirefu, di-daa, upande mwingine N, kirefu halafu kifupi, daa-di. Pale pande mbili zinapokutana herufi zinajazana nafasi na unabaki mlio mmoja mnyoofu usiokatika. Huo mlio mnyoofu ndo barabara yako. Rubani anavaa hedifoni, anaruka gizani ndani ya wingu haoni hata ncha ya bawa, anasikia mlio. Ukianza kusikia A imejitokeza kidogo umeshatoka pembeni, unarudi. Unakaribia kituo sauti inakuwa kubwa, unapunguza voliumu, inakuwa kubwa tena, unapunguza, halafu ghafla kimya kabisa sekunde chache, hapo ndo uko juu ya mnara wenyewe, halafu sauti inarudi upande wa pili. Kwa hicho kimya rubani anajua yuko wapi hasa na anaweza kuanza kushuka.

Sasa shida ilikuwa hali ya hewa. Theluji kavu ikipiga ndege inaleta umeme tuli, hedifoni zinajaa mikwaruzo, yaani hali ya hewa ikiwa mbaya, wakati unauhitaji ule mlio kuliko wakati wowote, ndipo haupatikani. Marubani wa zamani walikuwa wanashuka wamechoka masikio kuliko mikono.

Na huko chini kuna mtu. Waendeshaji wa redio waliishi kwenye vituo vya pekee, wengine na familia zao, maili nyingi kutoka mji wowote, kazi yao kupima mawingu, upepo na joto, kutuma taarifa kila saa, kujibu ndege inayoita na kuhakikisha jenereta haizimi. Kama unataka kumjua mtu ambaye maisha ya abiria yalikuwa mikononi mwake na hakuna abiria aliyewahi kumuona, ni huyo. Kulikuwa pia na minara ya taa za kuzunguka kwenye njia hiyo, ila kwenye ukungu taa haikusaidii.

Nina miaka 12. Mwalimu alituambia kuna ndege ilibeba dawa kwenye baridi kali Kanada ikaokoa kijiji. Ilikuwaje?

Mwalimu wako anajua mambo. Ilikuwa Januari 1929. Kijiji cha Fort Vermilion, kaskazini mwa Alberta, kilikuwa na hatari ya dondakoo, ugonjwa unaoziba koo hasa la watoto. Daktari hana dawa ya kutosha, simu hakuna, ujumbe ukabebwa na wanyama juu ya theluji karibu wiki mbili mpaka kituo cha kupeleka telegramu. Edmonton wakaombwa marubani wawili, Wop May na Vic Horner. Ndege yao Avro Avian ilikuwa ndogo sana, viti viko wazi juu, hakuna paa, na baridi inauma kupita kawaida. Dawa ikiganda inaharibika, kwa hiyo wakaifunga kwa mablanketi na kuweka jiko dogo la makaa pembeni yake. Dawa ilipata joto kuliko wao. Walilala njiani usiku mmoja kwa sababu mchana wa kule wakati huo ni mfupi mno, kesho yake wakafika, midomo imepasuka na mikono haikunjuki, dawa ikiwa salama. Waliporudi Edmonton maelfu ya watu walikuwa uwanjani wanawasubiri.

Mjomba wangu alisoma Montreal miaka ya 1950 alikuwa anasema ndege za kwao zilikuwa zinapiga kelele mpaka kichwa kinauma. Alikuwa anazidisha?

Hakuzidisha hata kidogo. Hiyo ni North Star, iliyotengenezwa na Canadair hapohapo Montreal, mwili wa ndege ya abiria ya Kimarekani lakini injini nne za Rolls-Royce Merlin, familia ileile ya injini iliyokuwa kwenye Spitfire ya vita. Nguvu tele, na kelele tele, maana moshi ulikuwa unatokea ubavu unaotazama abiria. Mafundi wa TCA wenyewe ndo walibuni mabomba ya kuuvusha moshi juu ya injini utokee upande wa pili, kelele ikapungua japo haikuisha. Nafuu kamili ilikuja na Vickers Viscount tarehe 1 Aprili 1955, TCA ikawa ya kwanza Amerika Kaskazini kubeba abiria kwa ndege ya tabopropu, yaani yenye injini ya jeti inayozungusha pangaboi, na watu walikuwa wanasimamisha sarafu kwa ukingo juu ya meza ndogo wakiwa angani kuonyesha jinsi ilivyotulia.

Kabla ya kompyuta walijuaje viti vingapi vimebaki? Mimi nakata tiketi za mabasi, hata na kompyuta abiria wawili wanakaa kiti kimoja.

Kadi, simu na ubao. Kila safari ina kadi yake au mstari wake kwenye ubao mkubwa ndani ya chumba kimoja, mabinti wamekaa na hedifoni wanapokea simu na ujumbe wa teleprinta kutoka miji mingine, ukiuza kiti Vancouver taarifa lazima ifike kule kadi inapotunzwa ndipo ihesabiwe. Hapo katikati mwenzako wa Toronto keshauza kilekile. Makosa yalikuwa mengi, na anayesimama mbele ya abiria mwenye hasira si aliyekosea, ni yule wa kaunta ya uwanjani.

TCA ilijisumbua na jambo hili mapema sana. Pamoja na kampuni ya Ferranti ya Kanada waliunda mfumo wao wenyewe wa kompyuta, ReserVec, ukaanza kazi rasmi mwaka 1963. Karani alikuwa anaweka alama kwa penseli kwenye kadi, anaichomeka kwenye kimashine mezani, jibu linarudi mara moja kama kiti kipo. Ilikuwa moja ya mifumo ya kwanza ya aina hiyo duniani, imetengenezwa Kanada, na watu wachache sana wanaikumbuka. Inastahili heshima zaidi ya hiyo.

Wanawake marubani je?

Walicheleweshwa sana. Rosella Bjornson aliajiriwa na Transair ya Winnipeg mwaka 1973, wa kwanza kuajiriwa kama rubani na shirika la ndege la ratiba Kanada. Air Canada, jina ambalo TCA ilichukua tarehe 1 Januari 1965, ilimwajiri Judy Cameron mwaka 1978. Ila kwenye uhandisi kulikuwa na Elsie MacGill zamani zaidi, yeye wakati wa vita alikuwa mhandisi mkuu kiwandani Fort William, akisimamia utengenezaji wa ndege za kivita za Hurricane zaidi ya 1,400.

Siku ngumu kuliko zote kwa wafanyakazi wa TCA ilikuwa ipi?

Swali zito, na kila kizazi kingejibu lake. Wengine watakutajia tarehe 29 Novemba 1963, DC-8 ilipoanguka Sainte-Thérèse muda mfupi baada ya kuruka Montreal, watu 118. Mimi naona ya tarehe 9 Desemba 1956 ilikuwa na uchungu wa namna yake. North Star ilitoka Vancouver usiku kwenda Calgary, injini moja ikawasha taa ya moto ikazimwa, wakaamua kurudi, barafu inajikusanya kwenye mabawa, halafu redio ikanyamaza. Watu 62. Walitafuta kwa ndege siku nyingi, theluji inaanguka tu, hawakuona kitu, wakaacha. Miezi mitano familia na wafanyakazi wenzao hawajui wako wapi. Mtu unaingia zamu asubuhi, jina la mwenzako lilikuwa kwenye ratiba, hujui umuombee au umlilie. Mwezi wa tano 1957 wapanda milima ndo walikuta mabaki juu ya Mlima Slesse, karibu na mpaka wa Marekani, mahali ambapo miili haikuweza kushushwa. Wako kulekule mpaka leo.

Naishi Winnipeg. Jirani yangu ni mzee sana, alikuwa fundi wa TCA halafu Air Canada. Nataka nimrekodi kabla hajachoka lakini sijui nianzie wapi, nikimuuliza "tuambie historia" anasema hana la kusema.

Kaka, anza wiki hii. Na uko mji wenyewe hasa, maana Winnipeg ndo palikuwa makao makuu ya TCA mwanzoni, ofisi kuu ikahamia Montreal mwaka 1949, na karakana kubwa ya matengenezo iliyobaki hapo ilipoanza kuondolewa miaka ya 1960 kulikuwa na ugomvi mkubwa sana, mji mzima ulilalamika mpaka bungeni. Familia zililazimika kuchagua, uhame na kazi au ubaki na nyumba. Muulize hilo, lakini usianze nalo, linaweza kuwa bado linauma.

Usimuulize historia. Muulize mikono. Siku ya kwanza kazini alikabidhiwa kifaa gani? Nani alimfundisha, na alikuwa mkali? Wakibadilisha injini nje kwenye baridi walishikaje boliti ndogo, walivua glavu au vipi? Ndege gani aliipenda kuifungua na ipi aliichukia? Nani alisaini karatasi ya mwisho kabla ndege haijaruka, na yeye siku ya kwanza kusaini alilala usiku ule? Zamu ya usiku walikula nini na walicheza karata gani? Mfanyakazi wa ndege alikuwa anapata tiketi za kusafiri kiti kikibaki, muulize alienda wapi na familia na walikwama kiwanja gani siku ngapi, hapo wengi wanacheka na mazungumzo yanafunguka yenyewe.

Kama ana picha, zitoe moja moja, mwache ataje majina mwenyewe, na uandike nyuma kwa penseli laini, sio kalamu ya wino. Sauti rekodi kwenye simu lakini nakala weka sehemu mbili. Akisema neno la karakana usilielewe mwambie akuonyeshe kwa mikono na umpige video, maana mikono ya mafundi inakumbuka kuliko mdomo. Jumba la makumbusho ya anga la magharibi mwa Kanada liko hapo Winnipeg uwanjani, muombe ruhusa mzee, akikubali mpeleke, na kama kiti cha magurudumu kinahitajika piga simu mapema. Halafu utuandikie alichosema, nafasi ya safu ya mwezi ujao nakutunzia.